Shamba Lililoshuka Mtoni

Maji ya Ruhuhu yaliporudi mtoni, Notburga alikuta mkahawa umelala katikati ya jaruba lake la mpunga. Ulikuwa mti mzima, na mizizi yake, na matunda mabichi bado yameng'ang'ania matawini.

Lituhi hakuna anayelima kahawa. Huko ni ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Watu hulima mpunga na mihogo, huvua usipa na mbasa, na joto la huko mkahawa hauliwezi. Kahawa ni ya watu wa juu, Wamatengo wa milimani, wanaoamka asubuhi wamejifunika blanketi. Notburga alizaliwa huko juu, Matiri, akashuka ziwani alipoolewa. Kwa hiyo hakuhitaji mtu wa kumweleza mti ule umetoka wapi.

Alisimama tope likimfika magotini. Mpunga aliokuwa ameupalilia juzijuzi haukuonekana hata ncha. Juu yake lilitandazwa tope jekundu, zito, kama kuna mtu alilipiga lipu kwa mkono.

"Ni kazi ya Mungu, mwanangu," alisema bibi mmoja jirani, ambaye jaruba lake nalo lilikuwa limefukiwa. "Tushukuru hajachukua mtu."

"Mungu hakushika jembe kule juu, bibi," Notburga alijibu. "Hii ni kazi ya watu."

Tangu utoto wake alikuwa mtu wa hasira. Wengi walimwogopa kwa hilo, na wachache walimpenda kwa hilohilo, maana hakuwa mtu wa kununa. Likimkera alilisema, likaisha. Lakini siku ile halikuisha. Alikuwa anakumbuka miaka michache nyuma, tope la mafuriko lilipoanza kuongezeka. Mwanzo lilikuja jeusi na laini, na mpunga ukastawi mpaka watu wakalitolea sadaka ya shukrani kanisani. Naye alishangilia pamoja nao. Miaka iliyofuata likaja la kahawia. Sasa limekuja jekundu, lina mchanga na vijiwe. Akajiona mjinga. Ule weusi waliokuwa wakiushukuru ulikuwa ngozi ya mlima ikichunwa, na sasa ngozi imekwisha, inakuja nyama.

Mumewe Ignatio alikuwa mvuvi, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Jioni ile alikuwa anatengeneza wavu wake uani, akasema bila kuinua macho:

"Mbasa nao hawapandi tena. Mbasa akitaka kutaga anaacha ziwa, anaingia mtoni, anatafuta mahali penye kokoto safi na maji yanayokimbia. Tope likikaa juu ya mayai, mayai hayapumui. Miaka hii tunavua wakubwa tu, wadogo hatuwaoni." Akakata uzi kwa meno. "Ninyi watu wa juu mnatumwagia uchafu wenu."

Neno "ninyi" lilimchoma Notburga kuliko hasara ya mpunga. Amemzalia mtu huyu watoto, amekula naye dagaa na njaa, na leo ameitwa mtu wa juu.

Asubuhi alichukua ndoo ndogo, ile ya mafuta ya kupikia, akashuka jarubani, akaijaza tope na kuifunga kifuniko.

"Unakwenda wapi na hiyo?" Ignatio aliuliza.

"Kwa Mansuetus."

Mansuetus alikuwa mdogo wake, ndiye aliyerithi shamba la baba yao.

"Hasira hasara, mama Aurelia," Ignatio alisema.

"Hasara tayari ninayo. Acha niongeze na hasira."

Ili mtu aelewe kwa nini mwanamke mzima alibeba ndoo ya tope kutoka ziwani mpaka milimani, lazima ajue jambo lililompata utotoni.

Wamatengo wanalima kwenye milima iliyosimama kama ukuta. Mvua ya huko si ya mchezo, na mlima mtupu ukinyeshewa hivyo hubaki mifupa. Wazee wao walibuni ngolo. Mwezi wa tatu wanaume hukata nyasi na kuziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana, mpaka mlima wote unakuwa miraba. Wanawake huja na majembe, huchimba katikati ya kila mraba, na udongo wanaoutoa huutupa juu ya zile nyasi. Basi panabaki shimo katikati na tuta pande zote nne, na ndani ya tuta nyasi zinaoza. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu wa pili. Ukiutazama mlima huo ukiwa ng'ambo ya bonde, utadhani ni sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Kila shimo hukamata yake, na tope likianguka shimoni hubaki shambani.

Mwaka ule Notburga alikuwa ndiyo kwanza amepewa jembe lake. Baba yake, mzee Protasi, alikuwa amekata nyasi na kuzilaza. Mtoto akaona njaa, akakusanya lundo la zile nyasi kavu, akawasha moto achome hindi bichi. Mzee aliona moshi akiwa upande wa pili. Alikuja mbio na nyengo yake mkononi, ule upanga uliopinda wanaokatia nyasi. Mtoto alijua leo ni leo. Lakini mzee hakumpiga. Alimshika mkono, akamburuta mpaka juu kabisa ya shamba, mahali penye mwamba uliochomoza.

"Udongo unatoka wapi?" alimuuliza.

"Kwa Mungu, baba."

"Unatoka hapa." Akaupiga mwamba kwa kiganja. "Mchana jua linauchoma, usiku baridi inaubana. Unatanuka, unajikunja, unatanuka, unajikunja, mwisho unapasuka, hata kama ufa wenyewe huuoni. Mvua inaingia ufani, inaulainisha kutoka ndani. Unayaona haya madoa ya kijivu, kama mapunye kichwani mwa mtoto? Haya ni mimea hai. Yanaulamba mwamba na kuulegeza, taratibu, wewe umelala. Vumbi likijikusanya kidogo, jani la kwanza linaota. Mzizi wake unaingia ufani kama kabari na kupasua zaidi. Jani linafa, linaoza, linaota lingine juu ya maiti yake. Mchwa wanakuja, minyoo inakuja, wanakula kilichokufa, wanakichanganya na ule unga wa jiwe. Huo ndio udongo. Jiwe lililooza limechanganyika na vilivyokufa, na ndani yake kuna vidudu visivyohesabika vinavyoishi. Ondoa kimoja hapo, umebaki na vumbi."

Mzee akakwangua juu ya mwamba kwa ukucha. Ukucha ukatoka na weusi mwembamba, kama utando juu ya maziwa yaliyochemshwa.

"Babu yangu aliukuta mwamba huu uko wazi. Huu weusi ndio uliopatikana tangu yeye mpaka leo. Sasa simama utazame shamba lote. Hesabu mababu wangapi wamelala ndani yake. Halafu wewe umechoma chakula chake ili ule hindi moja."

Hasira ya baba yake ilimwingia kama chanjo. Haikumtoka tena.

Sasa alikuwa amekaa juu ya magunia ya mpunga kwenye lori lililokuwa likipanda kutoka Lituhi, ndoo iko mapajani. Njia panda aliteremka, akajitwisha ndoo, akaenda kwa miguu. Tangu mazishi ya baba yake hakuwa amefika Matiri ila mara chache, tena kwa haraka, na kila mara wakati wa kiangazi, wakati ambapo shamba halisemi siri zake. Safari hii ilikuwa masika, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyoona. Sega la nyuki lilikuwa limebomoka. Hapa na pale bado kulikuwa na ngolo, lakini mlima baada ya mlima ulikuwa na matuta marefu yaliyonyooka kutoka kileleni mpaka kijitoni, na kati ya tuta na tuta maji yalikuwa yamechora michirizi, kama kwenye shavu la mtoto aliyelia. Kijito chenyewe, alimokuwa akichota maji utotoni huku akiyaona mawe yake yote, sasa kilikuwa na rangi ya matofali. Kijito hicho kinaingia Ngaka, Ngaka inaingia Ruhuhu, na Ruhuhu inaingia mlangoni kwake.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa. Mansuetus alikuwa ameketi kwenye uwanja wake na wazee wawili, wanakunywa pombe ya komoni. Alimwona dada yake akitokea, akainuka kwa furaha.

"Tumsifu Yesu Kristo, dada. Karibu, mbona hukutuma habari?"

Notburga hakuitikia. Aliwasalimu wazee wawili "shikamoo", maana adabu ni adabu, kisha akatua ndoo, akafungua kifuniko, akamwaga tope lote miguuni pa mdogo wake.

"Nimekuletea shamba lako," alisema. "Limefika kwangu, limelala juu ya mpunga wangu. Hili ni la kuonja. Lililobaki kalifuate mwenyewe."

Wale wazee walitazamana, wakakumbuka kwamba kila mmoja ana shughuli nyumbani kwake.

Mansuetus alibaki akitazama miguu yake iliyorukiwa na tope. Padri aliyembatiza alimwambia mama yao kwamba jina lile maana yake ni mpole, na kweli alikuwa mpole, lakini mpole naye hufika mwisho wake.

"Umeolewa ziwani miaka yote hii," alisema, "leo umekuja kunifundisha kulima? Unajua sisi tunaishije huku? Ushirika umekufa, dada. Zamani chama kilileta mbolea, kikaleta dawa ya mikahawa, ukivuna wanakata chao. Sasa hakuna. Ni soko huria. Wanakuja watu binafsi na mizani zao kwenye gari. Leo wanataka kahawa, mwakani hawaonekani. Mbolea iko dukani, ni ya kutazama. Shule inataka ada, zahanati inataka pesa. Mahindi ndiyo yanayonunuliwa upesi. Kwa matuta, mlima wote naumaliza upesi. Ngolo inataka miezi. Nimeng'oa mikahawa ya chini nipate nafasi ya mahindi. Ungefanya nini wewe?"

"Nyasi umezipeleka wapi?"

Mansuetus aliinama kujifuta tope miguuni.

"Nimekuuliza, Mansuetus. Nyasi."

"Nilichoma."

"Soko huria ndilo lililokuambia uchome nyasi?"

"Na ile miaka mpunga wako ulipostawi kwa udongo wangu," Mansuetus alisema, "uliniletea hata kibaba kimoja kuja kushukuru?"

Hilo lilimpata. Notburga alifungua mdomo, lakini kabla hajajibu, mke wa Mansuetus alitoka jikoni. Otilia alikuwa mwembamba, mgongo umeinama kidogo upande mmoja, na mkononi alikuwa na mwiko wenye ugali.

"Wifi," alisema, "umemwaga uchafu kwenye uwanja nilioufagia mimi. Sasa utanisikiliza na mimi. Mnapenda sana ngolo, ninyi watoto wa mzee Protasi. Mnaisema kama sala. Lakini ngolo inachimbwa na nani? Mwanamume anakata nyasi siku chache, anapangusa jasho, amemaliza. Anayechimba mlima mzima ni mwanamke. Nimechimba nikiwa na mimba. Nimechimba na mtoto mgongoni. Zamani wakwe walikuja, mawifi walikuja, tulichimba tukiimba. Siku hizi kila mtu anahangaika na lake. Na huyu mdogo wako, bei ya kahawa ilipoanguka, alikwenda kuketi kilabuni kungoja ipande. Nyasi hazikukatwa. Nikabaki mimi na jembe na mlima. Basi siku moja nikaliweka jembe chini. Nikamwambia, mwaka huu ni matuta, tena ya kushuka, maana ya kukingama yananivunja mgongo. Matuta niliyataka mimi. Kama umekuja kugombana, gombana na mimi."

Notburga alikuja na hasira ya mtu mmoja, sasa imekosa pa kukaa. Alimtazama wifi yake, akautazama ule mgongo. Wala hasira haikupoa. Iligawanyika tu, sehemu ikabaki kwa mdogo wake, sehemu ikawageukia wale waliouvunja ushirika bila mpango wa kuujenga upya, na sehemu, ile chungu zaidi, ikamrudia mwenyewe, maana naye alikuwa mmoja wa mawifi wasiokuja.

Usiku kucha ilinyesha. Asubuhi, mvua ilipoanuka, Notburga alikwenda kulitazama shamba, watoto wa Mansuetus wakamfuata shangazi yao. Mahali mikahawa ilipong'olewa palikuwa na korongo linaloweza kumficha mtu aliyechuchumaa. Aliingia ndani yake, akawaita.

"Tazameni ukuta huu. Juu kabisa, mnaona nini?"

"Udongo mweusi," alisema mkubwa wao, msichana wa darasa la tano. "Lakini mwembamba."

"Nilipokuwa kama wewe, ulikuwa unazama mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko. "Huo mweusi ndio wenye chakula. Ndiko majani yanakooza, ndiko minyoo inakokaa, ndio unaokunywa maji na kuyatunza. Chini yake, huu mwekundu. Huu ni mzito, chakula chake kidogo, mmea ukitegemea huu peke yake unakuwa manjano. Chini zaidi, haya mawe laini yanayovunjika mkononi. Haya yako njiani kuwa udongo, lakini bado, bado sana. Chini kabisa ni mwamba. Basi mahindi yenu ya mwaka huu mmeyapanda kwenye nini?"

Msichana aliyatazama mahindi. Yalikuwa yamefika magotini tu na tayari yana rangi ya ndizi mbivu.

"Kwenye mwekundu, shangazi."

Wakapanda mpaka kwenye kaburi la mzee Protasi, lililokuwa katikati ya shamba, kama wazee wengi wa huko wanavyozikwa. Hakuna aliyethubutu kulilima. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake na kulizunguka. Notburga alisimama ghafla. Siku ya mazishi kaburi lilikuwa sawa na shamba, na kifusi kidogo tu juu. Sasa lilikuwa limenyanyuka kama kitanda, na ili kulifikia ulipaswa kupanda kama ngazi, karibu shibiri nzima.

"Kaburi la babu linapanda," alisema mtoto mdogo wa kiume. "Kila mwaka linapanda. Mimi naogopa kupita hapa."

"Halipandi," Notburga alisema. "Liko palepale. Shamba ndilo linaloshuka."

Hakujua kama Mansuetus alikuwa amewafuata. Alikuwa amesimama nyuma yao na jembe begani. Tangu mazishi alikuwa akipita pale kila siku, na kwa kuwa alipita kila siku hakuona. Sasa aliona. Alikwenda kando ya kaburi, akapitisha mkono kwenye ule ukingo mweusi uliosimama, wenye mizizi ya nyasi inayoning'inia, na mnyoo mmoja ukarudi ndani kwa haraka. Kisha akashika udongo wa shamba pale chini ya miguu yake. Ulikuwa mgumu, mwekundu, una vijiwe.

"Alinikabidhi huu," alisema, "nimemwachia kipande cha kulalia tu."

Notburga alitaka kumwambia maneno makali, anayo mengi, lakini alimwona mdogo wake anavyouponda ule udongo kiganjani, akajua hii si huzuni. Hii ni hasira, nayo imefika kwa mwenyewe.

Siku ya pili yake Mansuetus aliitafuta nyengo ya baba yake darini, akainoa. Nyasi za shamba alikuwa amezichoma, kwa hiyo ilimbidi ateremke mpaka bondeni, akate huko, afunge mizigo, aipandishe mgongoni. Alipandisha mpaka mabega yakachubuka. Hakuna aliyemwonea huruma, hata mkewe.

"Nyasi peke yake hazitoshi," Otilia alimwambia alipoileta mizigo ya kwanza. "Safari hii utachimba na wewe. Mimi sichimbi peke yangu tena, hata baba yako akitoka kaburini."

Kule, mwanamume kuchimba ngolo lilikuwa jambo la kuchekwa. Wapita njia walisimama wakauliza kama Mansuetus amekuwa mke wa nani. Aliwajibu kwa maneno ambayo hakuna aliyedhani anayajua. Akaendelea kuchimba.

Notburga alibaki kuchimba nao. Mpunga wake ulikuwa umekwisha kufa. Hakuwa na cha kukimbilia ziwani. Mawifi wawili waligombana kila siku: kuhusu upana wa mashimo, kuhusu nani anachimba kwa uvivu, kuhusu arusi ya zamani ambayo mmoja wao hakualikwa. Lakini walichimba. Waliyavunja matuta ya kushuka na yale mahindi ya manjano yaliyokuwa juu yake, wakayazika pamoja na nyasi. Otilia alilia kuyazika mahindi mabichi, kisha akakasirika kwamba amelia. Hawakuweza shamba lote. Walimaliza upande wa juu unaozunguka kaburi, na ule mteremko mkali kabisa juu ya korongo. Sehemu nyingine wakaiacha, maana nguvu za watu zina mpaka.

Maharage yalipokuwa yameota, ilikuja ile mvua ya mwisho ya masika, inayokuja kama mgeni aliyesahau kitu. Ilinyesha mchana kutwa. Wote watatu walitoka na kusimama shambani wamejifunika magunia. Upande wa ngolo, kila shimo lilikuwa limejaa maji na kutulia kama bakuli, na yaliyozidi yalimwagika taratibu kwenda shimo la chini yake. Yaliyofika korongoni yalikuwa kidogo, na yalikuwa meupe. Upande waliouacha, maji yalikuwa yanapiga kelele, mekundu, yanakimbia na kokoto. Mstari kati ya pande mbili hizo uliweza kuukanyaga, mguu mmoja huku, mmoja kule.

"Mwakani tutamaliza," alisema Mansuetus.

"Tutamaliza," alisema Otilia, akimtazama vizuri aone kama amesikia lile "tu".

Walimaliza kweli, mwaka uliofuata. Lakini asije mtu akadhani shamba lilipona. Mashimo huzuia udongo usiondoke. Hayawezi kuurudisha uliokwenda. Mahindi yalipanda kidogo, yakawa kijani kidogo, na katika matuta nyasi zilipooza weusi ulianza kuonekana tena, mwembamba, na minyoo michache. Hata hivyo mavuno hayakufika nusu ya yale ya mzee Protasi, na hayatafika Mansuetus akiwa hai, wala watoto wake. Mtu ukimkosea unaweza kumwomba radhi, akakusamehe siku hiyohiyo. Udongo hauombwi radhi.

Notburga aliporudi Lituhi mwishoni mwa msimu ule wa kwanza, Ignatio alikuwa akianika usipa. Alimtazama mkewe, mikono yake ina malengelenge, amekonda.

"Umemaliza hasira?"

"Nimemaliza nusu ya shamba moja," alisema. "Mto unatoka kwenye milima mingapi?"

Ignatio aliutazama mto. Ulikuwa bado una rangi ya matofali. Safari hii hakusema "ninyi". Alisogea, akampa nafasi akae, akamwekea samaki.

Jarubani lile tope jekundu lilikuwa limekauka na kupasuka vipande vikubwa kama vigae. Ilibidi alichimbue kwa sururu, na mpunga alioupanda juu yake ulitoka kidogo na kwa shida. Kila alipoinua sururu aliwataja kwa sauti waliochoma nyasi, waliong'oa mikahawa, waliosema soko litapanga kila kitu, na wanawake walioachwa peke yao na mlima. Majirani walizoea. Wengine walianza kumsaidia kutaja.

Kila mwezi wa tatu alipanda Matiri kuchimba, na akitoka kwa mdogo wake alipita kwenye nyumba nyingine bila kualikwa. Baadhi walimsikiliza. Wengi walimfukuza, wakamwita mama tope, na mmoja alimfungulia mbwa. Mwaka mmoja alifika akamkuta Mansuetus shati limechanika na jicho limevimba. Jirani wa juu yake alikuwa bado analima matuta ya kushuka, na maji yake yalikuwa yanaingia na kubomoa mashimo ya Mansuetus. Basi yule mpole alikwenda kumsemesha, wakasemeshana mpaka wakashikana.

"Na sasa?" Notburga aliuliza.

"Kesho asubuhi jirani huyo anakuja kukata nyasi," Otilia alijibu kutoka jikoni. "Amesema anakuja na mke wake. Nikamwambia aje na jembe lake mwenyewe pia."